Ua la Barazani Halilipi Deni la Shamba

Ndugu mkulima, huenda umekwisha kuuona mmea huu kwenye baraza la jirani yako. Shina lake ni jembamba kama uzi wa kushonea. Majani yake ni madogo na manono, yenye umbo la moyo, nayo huota mawili mawili, jani likitazamana na mwenzake. Mmea wenyewe hausimami. Huning'inia kutoka kwenye kopo, ukateremka kidogo kidogo mpaka ukakaribia kugusa sakafu. Aina ya kawaida ina majani ya kijani yenye mabaka ya rangi ya fedha. Lakini iko aina nyingine inayopendwa zaidi, ambayo ukingo wa kila jani ni mweupe kama maziwa, na ikipata mwanga mzuri weupe huo huingia rangi ya waridi.

Wataalamu huuita Ceropegia woodii. Watu wengine huuita uzi wa mioyo, na jina hilo laufaa.

Mimi naupenda mmea huu, nami ninao nyumbani kwangu. Katika ukurasa huu nitakuambia jinsi ya kuutunza ili usife mikononi mwako. Lakini kwanza nina neno jingine, kwa sababu uvumi umeanza kupita katika mashamba yetu, na usipojibiwa mapema utawatia watu hasara. Uvumi wenyewe ni huu: kwamba mmea huu ni mali, na kwamba mwenye akili auze alicho nacho, anunue makopo mengi, kisha akae akingoje fedha. Nasema uvumi huu si wa kuaminiwa, nami nitaeleza kwa nini.

KARATASI YA HESABU

Mwezi uliopita jirani yangu alinijia jioni, baada ya kukama, akiwa na karatasi mkononi. Huyu ni mtu mwenye bidii. Viazi vyake havijapata kushindwa na magugu, na zizi lake ni safi. Ana mtamba mmoja mwenye mimba ya miezi sita, na mnunuzi alikuwa amekwisha kumtajia bei nzuri. Fedha hizo alikusudia kununulia makopo 40 ya mmea wenye majani ya ukingo mweupe, kutoka kwa mtu mmoja wa mjini.

"Tazama, ndugu yangu," akaniambia. "Kila kopo hutoa miche minane kwa mwaka. Makopo 40 yatanipa miche 320. Mwaka wa pili hiyo 320 itanipa 2,560. Nikiuza kwa bei ya leo, deni la shamba limekwisha, hati naichukua, na karo za watoto zinabaki."

Niliisoma karatasi yake mara mbili. Kuzidisha kwake kulikuwa sawa kabisa. Kisha nikamwuliza swali moja tu: "Huyo anayekuuzia, ikiwa makopo 40 yanazaa 320 kwa mwaka mmoja, mbona hayaweki kwake?"

Hakujibu. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, aliuliza la pili: "Na hiyo miche 2,560, ni nani hapa kwetu atakayeinunua?"

Ndugu mkulima, maswali haya mawili yanatosha kumwokoa mtu. Yashike, maana yanafaa kwa mambo mengi zaidi ya maua.

KIZAACHO UPESI HAKIKAI NA BEI

Fikiri kidogo juu ya ng'ombe. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9, akazaa ndama mmoja, na huenda ndama huyo akawa dume. Akiwa jike, yakupasa kumlea miaka 2 au zaidi kabla hajakupa maziwa. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo sababu mtamba mwenye mimba ana bei leo, na mwaka ujao atakuwa na bei. Tena hata soko likiharibika, watoto wako watayanywa maziwa yake, na samadi yake itakwenda kwenye viazi.

Mmea huu sivyo ulivyo. Shina la urefu wa mita moja lina vifundo 15 au zaidi. Kipande chenye vifundo viwili au vitatu chatosha kuota. Hakihitaji mashine, wala dawa ya gharama, wala elimu kubwa. Mkasi mmoja, mchanga kidogo na subira, basi. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hiyo, tena akaifanya vizuri.

Kwa hiyo mtu akinunua kopo moja kwako leo, baada ya mwaka hatarudi kununua jingine. Naye atakuwa na miche yake minane. Miwili atampa dada yake, mmoja atampelekea mama mkwe, na iliyobaki ataipeleka sokoni, akae karibu na wewe, auze kwa bei ya chini kuliko yako. Kila mnunuzi wako wa leo ni mshindani wako wa kesho. Bei ya kitu cha namna hiyo haina mizizi.

Jambo hili si geni kwetu. Wengi tunawakumbuka kware. Mwaka wa 2013 habari ilienea nchini kwamba mayai ya kware ni dawa na ni utajiri. Watu walijenga vibanda, wakanunua ndege kwa bei kubwa, na wengine wakaacha kuku wao. Kabla mwaka wa 2014 haujaisha, soko lilikuwa limejaa mayai, na bei ikaanguka. Walionufaika ni wale waliotangulia, waliouza ndege wa kuzalisha kwa wale waliochelewa. Waliochelewa walibaki na vibanda.

Na kwa mimea ya majani yenye mabaka, mambo kama hayo yametokea hata ng'ambo. Mwaka wa 2020, watu wa Ulaya na Marekani walipokaa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wengi walianza kupamba vyumba vyao kwa mimea. Mimea yenye weupe katika majani ilikuwa michache, na bei yake ikapanda sana. Lakini mimea hiyo haikukaa michache. Vitalu vikubwa vilizidisha miche, na maabara zikakuza mingine kwa maelfu ndani ya chupa, kama migomba ile ya maabara tunayoijua hapa nchini. Mimea mingi iliyokuwa ya bei ya ajabu ikawa ya bei ya kawaida. Mtu wa kwetu akiambiwa leo bei ya siku zile, aelewe kwamba anasimuliwa habari zilizopita.

Sasa linganisha hayo na shamba. Tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka wa 1962, familia nyingi zimepata ardhi kwa mkopo, na katika nyumba nyingine deni la baba limerithiwa na mwana. Deni la namna hiyo halijali kama ua limechanua. Linataka fedha zinazokuja kila msimu: maziwa, viazi, kabichi, kondoo. Hata hizo zina hatari zake, na sisi tulioona jinsi pareto ilivyotupandisha na jinsi ilivyotushusha hatuhitaji kufundishwa. Lakini ng'ombe na kiazi vinaliwa. Uzi wa mioyo hauliwi.

JE, TUUTUPE?

Hata kidogo. Wako wazee wanaosema kwamba maua ni kazi ya wasio na kazi, na kwamba mkulima mwenye ekari chache asipoteze wakati kwa kitu kisichoingia chunguni. Nami nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mmea huu haukunyang'anyi hata futi moja ya shamba, kwa sababu unakaa hewani. Hautaki maji mengi. Huupati kwa fedha nyingi ukiwa na jirani mwema. Na nyumba yenye kitu kizuri mlangoni humpumzisha anayerudi kutoka kuchimba viazi.

Tena una faida nyingine. Ukiutunza vizuri, utajifunza mambo yatakayokufaa shambani: kwamba maji mengi huua kama ukame, kwamba mizizi yataka hewa, na kwamba mche mzuri hutoka kwa mama mzuri. Mpe mtoto wako kopo moja alilee yeye. Atakayejua kulilea, siku moja utamwachia kitalu cha kabichi bila hofu.

Basi haya ndiyo matunzo yake.

KUMBUKA MWAMBA

Mwaka wa 1881 mtaalamu wa mimea aitwaye John Medley Wood aliuona mmea huu huko Natal, Afrika Kusini, ukining'inia kwenye miamba. Neno woodii katika jina lake limetokana na jina la mtu huyo. Kwenye mwamba udongo ni mchache. Mvua ikinyesha, maji hupita upesi, kisha huja siku nyingi za ukavu. Kwa sababu hiyo mmea umejiwekea akiba. Maji huyaweka katika majani yake manono, na katika viazi vidogo vilivyo chini ya udongo. Hata juu ya shina, penye vifundo, huota viazi vidogo kama punje za njegere.

Ukiukumbuka mwamba huo kila unapoushika mmea, hutakosea sana.

KOPO NA UDONGO

Tumia kopo dogo, lisilo na kina kirefu. Kopo kubwa hushika maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kunywa, na mizizi huoza. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari. Kopo lisilo na tundu ni kaburi la mmea huu.

Udongo mweusi mzito wa shambani usiutumie peke yake. Changanya sehemu moja ya udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya mchanga wa mto ulio mnene, na sehemu moja ya kokoto ndogo ndogo. Walio upande wa Longonot wanayo yale mawe mepesi yanayoelea majini; yakipondwa ni mazuri kuliko kokoto. Jaribu mchanganyiko wako kabla ya kupanda: mimina maji kikombe kimoja. Yakipita upesi na kutoka chini, vema. Yakisimama juu, ongeza mchanga.

Samadi mbichi usitie. Mbolea ya dukani unayoweka kwenye viazi usiitie pia, maana itaunguza mizizi. Mara moja kwa miezi miwili, wakati mmea unapokua, mwagia maji ya samadi iliyooza, yaliyozimuliwa mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi. Hiyo yatosha.

MAJI

Hapa ndipo watu wengi huua mimea yao, tena kwa upendo. Mama huamka asubuhi, akamwagia maji kila siku kama anavyomwagia sukumawiki. Baada ya wiki chache majani yanageuka manjano, yanakuwa laini, yanaanguka. Mama hudhani ni kiu, akaongeza maji. Mmea unakufa.

Fanya hivi: chomeka kidole ndani ya udongo. Ukiwa na unyevu, ondoka. Ukiwa mkavu mpaka chini, shika jani moja kati ya vidole viwili ulibane kidogo. Likiwa gumu, mmea una akiba yake. Ngoja siku chache. Likiwa laini na kupindika, umefika wakati wa kunywesha. Mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie mpaka udongo ukauke tena. Wakati wa jua kali huenda ukamwagia mara moja kwa wiki. Wakati wa baridi ya Julai huenda zikapita wiki tatu. Usifuate kalenda, fuata jani.

MWANGA NA BARIDI

Mmea wataka mwanga mwingi, lakini si jua la saa sita mchana. Mahali pazuri ni chini ya ukingo wa paa, upande unaopata jua la asubuhi. Gizani shina hurefuka likawa na majani machache yaliyoachana mbali mbali, na ule weupe hauingii waridi. Juani kabisa ukingo mweupe huungua ukawa kahawia.

Kwa sisi tunaokaa Kinangop, Ol Kalou na sehemu nyingine za juu, adui mkubwa ni sakitu, ile inayochoma majani ya viazi usiku mmoja. Majani haya yamejaa maji, na maji yakiganda ndani yake, jani limekwisha. Basi katika usiku wa mbingu wazi, hasa Januari na Februari, ingiza makopo ndani ya nyumba kabla ya kulala. Dirisha la jikoni ni mahali pazuri, mradi pasiwe na moshi mwingi.

KUKATA NA KUOTESHA

Chagua shina lenye afya. Kata kipande chenye vifundo vitatu kwa mkasi safi. Ondoa majani ya kifundo cha chini. Weka kipande kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke, kwa maana kidonda kibichi huoza udongoni. Kisha kifukie kifundo kile cha chini katika mchanga wenye unyevu kidogo. Njia nyingine ni kukilaza kipande chote juu ya udongo na kukibana kwa tawi dogo lililopindwa, vifundo vikigusa udongo. Palipo na joto mizizi hutoka baada ya wiki mbili mpaka nne. Kwetu juu ngoja zaidi, wala usikivute kila siku kutazama kama kimeota.

Ukitaka kopo lijae vizuri, panda vipande sita au saba pamoja. Kipande kimoja peke yake huonekana kama uzi uliosahauliwa.

WEUPE WA MAJANI

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika.

Sehemu nyeupe ya jani haina ile rangi ya kijani ambayo kwayo mmea hujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo mmea wenye majani ya ukingo mweupe una majiko machache kuliko ule wa kijani, nao hukua polepole. Hesabu ya jirani yangu ya miche minane kwa mwaka ilikuwa hesabu ya mmea wa kijani mahali penye joto. Kwa mmea wa ukingo mweupe, na kwa baridi yetu, mambo ni ya polepole zaidi.

Tena weupe huo haupiti kwa mbegu. Hupita kwa kipande cha shina. Na mara kwa mara mmea hutoa shina lenye majani ya kijani kitupu. Shina hilo lina nguvu kuliko wenzake; likiachwa litaujaza kopo wote, na ule uzuri utapotea. Likate mara unapoliona, mpaka kwenye kifundo ambacho majani yake bado yana rangi zote mbili. Wakati mwingine hutokea kinyume chake, shina jeupe kabisa. Ni zuri machoni, lakini halina jiko hata moja. Hulishwa na mashina mengine, na ukilikata ulipande peke yake litakufa.

Basi mtu akikuletea kipande chenye majani meupe matupu na kutaka bei ya juu kwa sababu ni "adimu", jua kwamba anakuuzia maiti. Kipande cha kununua ni kile chenye kijani cha kutosha katikati ya kila jani, na weupe pembeni, kifundo baada ya kifundo.

WADUDU NA VIPANDE VILIVYOKATWA

Angalia chini ya majani na penye vifundo. Ukiona wadudu weupe kama vipande vya pamba, wafute kwa kitambaa kilicholowa spiriti, urudie kila wiki mpaka waishe. Kopo lenye wadudu hao litenge na mengine, kama unavyomtenga ng'ombe mgonjwa.

Neno jingine dogo lakini la lazima. Uzi wa mioyo hauhesabiwi kuwa mmea wa sumu. Lakini wachuuzi huuza pamoja nao mimea mingine ya majani manono isiyo salama. Katika jamii ya Senecio iko mimea inayojulikana kwa kuharibu ini la ng'ombe, na katika jamii ya Kalanchoe iko inayodhuru moyo. Mimea hii kipande chake huota popote kilipoanguka. Kwa hiyo ukikata mmea wowote wa barazani, usiutupe kwenye malisho wala kwenye nepia. Vipande vikaushe kabisa, kisha vichome.

KAMA WATAKA KUUZA

Simkatazi mtu kuuza. Mama mwenye makopo kumi mazuri aweza kuyapeleka sokoni akapata fedha za chumvi, sabuni na daftari, naye hajapoteza kitu. Hiyo ni faida halali. Ninachokataza ni kuuza cha uhakika ili kununua cha uvumi.

Basi fuata haya. Anza na kipande ulichopewa au kopo moja ulilonunua, wala si 40. Usitie fedha za mkopo, wala fedha za karo, wala bei ya mnyama. Uza mche uliokwisha kuota mizizi, ili mnunuzi asirudi na malalamiko. Usimwahidi mtu yeyote utajiri.

Mtu akikuambia kwamba atakununulia miche yote aipeleke ng'ambo, mwombe mkataba wa maandishi kabla hujapanda, kisha umwonyeshe Bwana Shamba wako. Ni kweli kwamba Kenya hupeleka vipande vya maua Ulaya. Lakini kazi hiyo hufanywa na vitalu vikubwa vyenye wanunuzi wao, na kila shehena yahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS. Haifanywi kwa makopo yaliyotundikwa chini ya paa na mtu aliyepita njiani akasahau kuacha anwani.

Nimalize kwa habari za jirani yangu. Ile karatasi aliikunja akaitia mfukoni, nasi tukanywa chai. Alipotaka kwenda, nilikata vipande saba kutoka kwenye kopo langu, vyenye ukingo mweupe mzuri, nikavifunga katika gazeti na kumpa mkewe. Sikudai shilingi hata moja, kwa sababu mwaka ule mwingine na mimi nilipewa bure.

Juzi nilipita kwao. Kopo limetundikwa kando ya mlango, na vipande vitano kati ya saba vimeshika. Mtamba wake bado yumo zizini, na tumbo limeshuka. Akizaa salama, kutakuwa na maziwa katika nyumba ile kabla uzi wa kwanza haujafika usawa wa dirisha.